Siku Gari la Maiti Lilipozimika

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anaitwa Waya. Si jina alilopewa na wazazi wake. Amelipata kwa kazi, maana ni fundi umeme wa magari, na miaka yote niliyomfahamu sijamwona bila kipande cha waya mfukoni. Hata siku ya harusi yake alikuwa nacho. Mimi nauza viatu, na kuhusu magari ninachojua ni kufungua mlango na kuketi. Lakini siku tuliyomzika mpwa wangu, mimi ndiye niliyemshikia Waya spana, kwa hiyo ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu.

Mpwa wangu alikuwa mtoto wao wa pekee. Tulimwita Kasuku tangu alipoanza kusema, kwa sababu alianza mapema na hakunyamaza tena. Alipokua akawa msusi, akafungua chumba chake cha kusukia ukuta kwa ukuta na gereji ya baba yake. Wateja walikaa kwenye viti vyake wakachekeshwa mpaka wakasahau maumivu ya kusukwa, na upande wa pili wa ukuta Waya alikuwa akisikia kila kitu na kujifanya hasikii. Mbele za watu Kasuku hakumwita baba. Alimwita Fundi, kama mteja, na kumkaripia kama mke: Fundi, umekula? Fundi, hiyo shati umeivaa tangu lini? Waya alinung'unika, lakini siku ambayo Kasuku hakufungua duka, gereji nzima ilimkosa, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza yuko wapi.

Kisha figo zikamgomea. Akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Dada yangu alihamia wodini, akawa analala kwenye kiti. Waya alikuja kila siku bila kukosa, lakini kukaa hakuweza. Alifika, akamgusa binti yake kipaji cha uso, kisha macho yakaanza kuzunguka chumbani yakitafuta kitu kibovu. Alikaza komeo la dirisha. Alitengeneza swichi ya taa iliyokuwa ikichezacheza. Wauguzi walimpenda sana. Dada yangu alimtazama tu.

Saa Kasuku alipokata roho, baba yake alikuwa wodi nyingine akiomba gurudumu la kitanda, kwa sababu la kitanda cha binti yake lilikuwa likilia kila kitanda kiliposogezwa. Alirudi nalo mkononi akakuta shuka imeshafunika uso.

Dada yangu hakumwambia neno. Siku za msiba waliishi nyumba moja wakipishana mlangoni kama wapangaji.

Siku ya maziko gari la maiti lilitangulia. Lilikuwa gari refu jeusi, si jipya, na dereva wake alikuwa mzee mmoja mnyenyekevu ambaye wenzake walimwita Mpole. Dada yangu aliketi mbele pamoja naye. Nyuma yao tulifuata sisi kwa gari la Waya, yeye akiendesha na mimi pembeni, kisha basi la waombolezaji. Waya alivaa suti yake, ile moja aliyonayo, na viatu nilivyompa mimi. Njia nzima hakufungua mdomo ila mara moja, aliposema kwamba gari la mbele halina shida ya breki. Nikamwitikia ingawa sikujua neno hilo linahusu nini.

Makaburi yako nje ya mji, juu ya kilima. Tulipoanza kupanda, jua likiwa kali, gari la maiti likazima. Halikukohoa wala kutikisika. Lilinyamaza tu, kama taa iliyozimwa, likajiviringisha pembeni ya barabara na kusimama. Mpole akapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, ng'wa ng'wa ng'wa, lakini haikushika. Akapiga tena na tena, mpaka Waya akateremka kwenda kumwambia aache, atamaliza betri.

Watu wakashuka kwenye basi. Mpole, jasho likimtoka, akapiga simu kazini kwake. Akaambiwa gari lingine limekwenda maziko ya mbali na halitarudi kabla ya jioni, na makaburi nayo hufungwa jioni. Hapo kila mmoja akawa na ushauri wake. Mjomba mmoja akasema jeneza lihamishiwe kwenye basi, viti vya nyuma vitatosha.

"Mwanangu hahamishwi barabarani kama mzigo," Waya alisema.

Akavua koti, akanipa nilishike, akakunja mikono ya shati. Wazee wakamzuia. Walisema baba wa marehemu hashiki kazi siku ya kumzika mwanawe, na mafundi wengine wapo. Waya akawauliza wako wapi. Hakuwajibu kwa ujeuri. Aliuliza kweli, na akasubiri, na aliyejitokeza hakuwepo. Akanituma nilete sanduku la vifaa kwenye gari lake.

Kwanza alimuuliza Mpole limezimaje, na kama limewahi kufanya hivyo kabla. Mpole akasema wiki iliyopita lilizima likiwa kwenye gereji ya kazini baada ya safari ndefu, likapumzika kidogo, likawaka lenyewe, basi wakadhani ni mafuta machafu. Waya akatikisa kichwa. Akasema tuanze na mafuta, tuyaondoe kwenye hesabu.

Pampu ya mafuta ya gari lile imo ndani ya tangi, chini ya sakafu ya nyuma. Maana yake, chini ya jeneza. Waya akafungua mlango wa nyuma, akamwambia Mpole awashe swichi bila kupiga stata, kisha akainama na kulaza shavu lake sakafuni, kando ya mbao za jeneza la binti yake, asikilize. Hata mimi niliyesimama nyuma niliisikia pampu ikiguna kidogo na kunyamaza, kama inavyotakiwa.

"Pampu nzima," alisema.

Lakini hakuinua kichwa. Alibaki vile vile, shavu sakafuni, macho ameyafumba. Nilimgusa bega ndipo akainuka, akafunga mlango taratibu, akaenda mbele.

Akachomoa waya mmoja wa plagi, akautia plagi aliyotoa kwenye sanduku lake, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kumwambia Mpole apige stata. Tukatazama. Hakuna cheche hata moja. Akaniambia nichungulie kwenye dashibodi, Mpole akipiga stata, niangalie mshale unaoonyesha mizunguko ya injini. Nikamwambia mshale umelala, haujasogea hata kidogo.

"Sensa ya krenki," alisema, akanieleza kama vile mimi ni mwanafunzi wake. Kwamba chini kule, karibu na puli kubwa ya injini, kuna kidude kama dole gumba. Kazi yake ni kuangalia injini inavyozunguka na kuiambia kompyuta ya gari wakati wa kutoa moto. Kikinyamaza, kompyuta haijui kama injini inazunguka, basi haitoi moto, hata ungepiga stata mpaka kesho. Na hiki, alisema, kinanyamaza kikipata joto. Uzi wa ndani umekatika, ukipoa unagusana, ukichemka unaachana.

Ili awe na hakika, alichomoa soketi yake na kuipima kwa mita. Mita haikusoma kitu. Akaomba maji, akapewa chupa, akayamimina taratibu juu ya kile kidude, akangoja, akapima tena. Mita ikasoma. Akarudisha soketi. Mpole akapiga stata, gari likawaka.

Waombolezaji wakashusha pumzi, wengine wakaanza kupanda basi. Waya akawaambia halitafika mbali, hapo kuna maji tu, dawa bado. Wazee wakasema twende hivyo hivyo, jua linakwenda. Hakubishana nao. Tulikwenda mpaka kwenye kona yenye kiwanda kidogo cha mbao, ambapo mlima unazidi, na pale gari likazima tena kama lilivyozima mwanzo. Kupitia kioo cha nyuma cha gari la maiti nilimwona dada yangu mbele yetu ameketi wima, shingo haigeuki kushoto wala kulia. Tangu mwanzo hakuwa ameshuka.

Waya akaegesha gari lake ndani ya uwanja wa kiwanda, akazima injini, akakaa ameshika usukani.

"Hili na lile injini ni moja," aliniambia. "Nitatoa ya kwangu."

Kwenye gari lake kazi haikuchukua muda. Alipiga jeki, akaingia chini, akafungua boliti moja ya spana namba kumi, akachomoa soketi, na sensa ikatoka, nyeusi, imeshika mafuta na vumbi. Akaifuta kwa leso yake nyeupe ya msiba. Nikabeba jeki kuipeleka kwenye gari la maiti. Akanisimamisha.

"Hiyo acha."

"Utaingiaje chini bila jeki?"

"Nikiliinua, jeneza litalala upande. Simlazi mwanangu upande."

Akalala chali barabarani na suruali yake ya suti, akajisukuma chini ya lile gari kama mtu anayepita chini ya ua. Nafasi ilikuwa finyu. Kifua kilikuwa kikikwaruza vyuma. Nikalala kifudifudi pembeni ili nimpe vifaa. Mkono wake uligusa bomba la moshi, nikasikia ngozi ikiungua na yeye akimeza sauti. Alitoa sensa mbovu akanipa. Aliupaka mafuta mpira wa ile nzima, akaisukuma mahali pake, akakaza boliti, akabana soketi mpaka ikalia tiki.

Nikadhani tumemaliza. Nikajikung'uta vumbi, nikangoja atoke.

Hakutoka. Aliniomba tepu, akazungushia waya ambao kwa macho yangu haukuwa na jeraha. Akaomba kitambaa, akafuta kilichokwisha kufutwa. Kisha nikasikia spana, nikachungulia, nikaona anailegeza ile boliti aliyoikaza, kisha anaikaza tena, kisha anailegeza. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna. Mmoja akauliza kama fundi amekwama. Nikamwita, shemeji, bado? Akasema bado kidogo. Nikamngoja. Nikamwita tena. Bado kidogo.

Nilielewa. Wakati mwingine mtu wa viatu naye huelewa. Lakini mimi si wa kumwambia baba wa mtu amalize haraka.

Mlango wa mbele wa gari ukafunguka, dada yangu akateremka. Watu wakampisha. Akaja mpaka nilipolala, akaniambia nisogee, akachuchumaa na nguo zake za msiba vumbini, mkono mmoja ameegemea tairi. Nilisogea hatua chache tu, ndiyo maana niliyasikia.

"Baba Kasuku," alisema.

Spana ikanyamaza.

"Limepona?"

"Naangalia angalia waya."

"Nimekuuliza limepona?"

"Limepona."

"Basi toka."

"Nikitoka tunakwenda."

"Najua."

"Tukienda tunamfukia, mama Kasuku."

Dada yangu aliinamisha kichwa, nikadhani sasa atalia au atamkaripia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alianza kumwambia jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za sokoni.

"Aliniuliza uko wapi. Nikamwambia umekwenda kutafuta gurudumu. Akacheka. Akasema afadhali, maana ukikaa pale unamtazama kama gari lisilo na injini. Halafu akafumba macho, na mimi nikadhani amesinzia."

"Alicheka?"

"Alicheka. Sikukuambia kwa sababu nina hasira na wewe. Bado ninayo, na sijui itakwisha lini. Lakini siwezi kumzika peke yangu. Toka tumpeleke wote wawili."

Miguu ya Waya ikaanza kusogea. Alitoka kidogo kidogo, shati limechafuka lote, nywele zimejaa vumbi, mkono umeungua kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Dada yangu alimtazama, akaona ule mkono, akafungua chupa ya maji aliyokuwa nayo na kuumwagia.

Waya mwenyewe ndiye aliyepiga stata. Gari likawaka mara moja. Mpole akataka kushukuru, akashindwa, akabaki akipepesa macho. Walikaa watatu mbele, dada yangu katikati, na mimi nikapanda basi nikiwa nimesimama, koti la Waya mkononi. Gari halikuzima tena mpaka langoni.

Maziko yalikwenda kama maziko yanavyokwenda. Wapo waliomtazama Waya kwa jicho la pembeni kwa sababu ya shati lake, na shangazi mmoja akaninong'oneza nimvishe koti. Nilimpelekea. Hakuliona hata nilipolinyoosha mbele yake. Wakati wa kushusha jeneza alishika kamba pamoja na vijana, kwa mkono ule ule ulioungua, na walipomwambia awaachie alijifanya hajasikia. Dada yangu alisimama nyuma yake ameshika mkia wa shati lake, kama tunavyowashika watoto wasianguke kisimani.

Baada ya maziko Mpole alikuja kumwambia Waya kwamba kazini kwake watanunua sensa mpya, na yake atarudishiwa kesho. Waya akamwambia aiache mahali ilipo. Mpole akadhani hakusikia, akarudia. Waya akamwambia gari linalobeba watu wa aina ile halifai kufunguliwafunguliwa. Basi mzee wa watu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake.

Gari la Waya likabaki kiwandani kwa wenye mbao. Hakwenda kulichukua. Gereji hakuifungua, wala mtu hakugusa chumba cha kusukia. Wateja walipita, wakatazama milango miwili iliyofungwa, wakaenda. Nilikuwa napitia kwao jioni nikitoka dukani. Nilimkuta dada yangu akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa na Waya ameketi ukumbini, na redio haisemi. Walikuwa wanaongea sasa, lakini machache. Wakati mwingine dada yangu alimjibu kwa ukali jambo dogo la chumvi, kisha akamletea chai. Hasira ile haikuisha kwa sababu ya maneno ya barabarani. Nadhani imebaki mpaka leo, imepungua tu makali.

Asubuhi moja Waya alikuja dukani kwangu, sensa mpya ndani ya kijiboksi, akaniuliza kama nina nafasi. Nikafunga duka. Tulipofika kiwandani tukakuta gari limefunikwa vumbi la mbao mpaka halijulikani rangi. Mwenye kiwanda alitupa pole, akatuletea fagio. Waya akapiga jeki, akaingia chini, nami nikakaa chini pembeni na sanduku la vifaa, kama siku ile.

Nilimpa spana namba kumi. Nikangoja kusikia inalia. Haikulia. Nikatazama miguu yake, haikusogea. Nilitaka kumwita, ndipo nikaona tumbo lake linapanda na kushuka kwa kasi. Kisha nikaisikia sauti, ya chini sana, ile ya mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono.

Sikuchungulia. Nilisogea nikakaa mahali ambapo mgongo wangu ungemkinga asionekane kutoka kiwandani, nikaanza kupanga spana sandukuni, kubwa na ndogo, nikazivuruga, nikazipanga upya. Mwenye kiwanda alikuja akasimama juu yangu akauliza kama ubovu ni mkubwa.

"Mkubwa kidogo," nilimwambia. "Itachukua muda."

Akatuletea kigoda, akarudi kwenye msumeno wake. Ulipoanza kunguruma nilishukuru, maana sasa Waya angeweza kulia kwa sauti yake yote bila mtu kumsikia ila mimi, na ndivyo alivyofanya.

Baadaye sana spana ikalia. Akatoka, akajifuta uso kwa kitambaa cha mafuta akazidi kuuchafua, akaketi kwenye usukani na kuliwasha. Likanguruma vizuri. Tulishuka kilima, tukaingia mjini, tukapita mitaa yetu, na tulipokaribia nyumbani akapunguza mwendo, akaniuliza bila kunitazama:

"Shemeji. Dada yako, lile la kucheka, unadhani ni kweli? Au alilitunga ili nitoke?"

Nilifikiri kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu nilijua nitakachosema atakishika.

"Wewe umeishi na dada yangu miaka yote hii," nilimwambia. "Umewahi kumsikia anamdanganya mtu ili kumfariji?"

Waya alitazama barabara. "Hajui," alisema. "Hata kujaribu hajawahi."

"Basi."

Akaitikia kwa kichwa, akabadilisha gia, akakata kona ya kwao.